Hedi ya 4A-GE ipo mezani: niweke valvu kubwa na kuchonga poti, au niirudishe kama ilivyotoka kiwandani?

#1 LevinNyekundu (Dar)
Wakuu, salaam. Gari ni Toyota Levin AE92, injini 4A-GE ya valvu 16, ile ya poti ndogo (poti ni njia ya hewa au moshi ndani ya hedi). Mwezi uliopita gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, iliungua nikipanda mlima Kitonga, nikavutwa hadi Iringa mjini. Hedi imeshafunguliwa, na valvu mbili za ekzosti zimeliwa ukingoni kama biskuti iliyong'atwa.

Kwa kuwa valvu nanunua hata hivyo, fundi anashauri tusirudishe za milimita 30 na 25.5. Anataka tuweke za 31 za kuingizia na 26 za kutolea, atanue siti (pale valvu inapokalia ikifunga), achonge poti mpaka zilingane na tundu la gasketi, kisha azing'arishe kama kioo. Gari hii natumia kila siku, na mara mbili kwa mwaka naenda nayo Mbeya.

Swali: nguvu inapanda kweli? Aliyewahi kufanya aseme alichokiona kwa macho yake.

#2 kijana_wa_AE101
Nimekaa mkao wa kusoma. Yangu nayo inakaribia kufunguliwa.

#3 FundiWaKeko
Inapanda, mkuu, usiwe na shaka. Injini ni pampu ya hewa. Ikivuta hewa nyingi inachoma mafuta mengi, nguvu inaongezeka. Valvu ya 31 ukilinganisha na ya 30 ina eneo kubwa zaidi kwa asilimia 6.8, piga hesabu mwenyewe. Ongeza na poti iliyochongwa. Nimeshachonga hedi za injini za Toyota za ukoo huu wa A nyingi tu na wateja wanarudi wakicheka.

#4 Mai_Mahiu
Nairobi hapa. Kaka, kabla hujachonga jiulize kwa nini Toyota wenyewe walirudi nyuma. 4A-GE za mwanzo, kuanzia 1983, zilikuwa na poti kubwa. Zikawa zinasinzia mizunguko ikiwa chini, ndiyo maana wakaziwekea TVIS, zile pazia zinazofunga nusu ya njia mpaka mizunguko ipite 4,000 na ushei. Mwaka 1989 wakaja na poti ndogo, wakaitupa TVIS, na nguvu kwenye AE92 ya Japani ikatoka farasi 120 hadi 140. Yaani walipunguza tundu wakapata nguvu. Hewa ikipita njia nyembamba inakimbia, na ikikimbia inaendelea kujisukuma ndani ya silinda hata pistoni inapoanza kupanda. Ukitanua poti mpaka ukingo wa gasketi umeua mbio hizo. Barabara ya Mai Mahiu itakuhukumu ukiwa gia ya tatu.

#5 Singida_Dogo
Mkuu #4, yangu ni ya poti ndogo na TVIS ninayo, pazia nimeziona kwa macho.

#6 Mai_Mahiu
@Singida_Dogo basi una hedi ya poti kubwa, au mtu alishachanganya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) kabla hujainunua. Angalia kifuniko cha kemu na blok: zimepita mikono mingi hizi gari. Poti ndogo haikuja na TVIS.

#7 HesabuKwanza
@Mai_Mahiu historia yako ni sahihi ila umeacha kitu kikubwa. Ile 140 haikuja kwa poti peke yake. Kompresheni (kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda) nayo ilipanda kutoka 9.4 hadi 10.3. Huwezi kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo halafu sifa zote ukaipa kimoja.

Na @FundiWaKeko, ile 6.8 ni eneo la sahani ya valvu. Hewa haipiti kwenye sahani, inapita pembeni yake, kwenye uwazi unaobaki kati ya valvu na siti. Uwazi huo ni mzingo wa valvu mara urefu inaoshuka. Kemu (shafti inayosukuma valvu) ya kiwandani inashusha valvu karibu milimita 7. Kwa valvu ya 30 unapata kama milimita za mraba 660. Kwa ya 31 unapata 682. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 3.3. Sasa bakiza valvu ileile ya 30 uweke kemu inayoshusha milimita 8: unapata 754, asilimia 14 juu. Pesa ya valvu na siti aipeleke kwenye kemu.

#8 kijana_wa_AE101
Kaka umetufundisha vizuri hapo.

#9 HesabuKwanza
Dada, si kaka. Asante lakini.

#10 kijana_wa_AE101
Samahani sana dada. Endelea kutufungua.

#11 LeziNaMashine (Arusha)
Dada HesabuKwanza, nakuunga mkono nusu. Hesabu ya uwazi ni kweli valvu ikiwa bado inashuka. Ikishafika chini, kinachobana si uwazi tena, ni koo, pale chini kidogo ya siti. Koo kwa kawaida ni asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Chukua 88: kwa valvu ya 30 koo ni 26.4. Toa shina la milimita 6 lililosimama katikati, zinabaki kama milimita za mraba 519. Tayari ni ndogo kuliko 660 zako! Kwa valvu ya 31 koo linakuwa 27.3, eneo 557. Hiyo ni asilimia 7. Kwa hiyo fundi wa Keko hajakosea sana, ila sababu aliyoitoa siyo yenyewe. Na ukishusha kemu hadi 8 bila kugusa koo, hewa itaendelea kukwama palepale.

Mimi kazi yangu ni siti, miaka mingi sasa. Faida kubwa naiona pale hedi inapokatwa siti kwa pembe tatu: nyuzi 30 juu, 45 katikati ambapo valvu inakaa, 60 chini. Ile kona kali ikiondoka hewa inageuka bila kujikwaa. Siti ya kuingizia naiacha na upana wa milimita 1 hadi 1.5. Ya ekzosti pana zaidi, hadi 2, maana valvu ile inapoa kwa kukaa kwenye siti. Ukiifanya nyembamba upate hewa, itaungua kama hizo mbili za mleta uzi.

#12 HesabuKwanza
@LeziNaMashine hoja ya koo naipokea. Lakini valvu haikai chini kabisa muda mrefu. Sehemu kubwa ya safari yake iko njiani, ikishuka au ikipanda, na huko uwazi ndio unaotawala. Kwa hiyo jibu liko katikati ya 3.3 na 7. Siyo ile "tofauti kubwa" aliyoahidiwa mleta uzi.

#13 MzeeWaMoris (Mombasa)
Wanangu, nawasoma kwa raha. Mimi zangu ni Morris Minor, hedi ya chuma tupu ya zamani, siti zimechongwa humohumo kwenye chuma bila pete. Hayati baba aliiendesha miaka yote kwa petroli ya risasi, hedi haikufunguliwa. Mwanzoni mwa 2006 petroli ya risasi ikawa imeondolewa huku kwetu kusini mwa Sahara, kufuatia Azimio la Dakar la 2001. Ni jambo jema kwa watoto wetu na mapafu yao, sina ugomvi nalo. Lakini ile risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda siti. Baada ya hapo nikawa narekebisha nafasi ya valvu za ekzosti (uwazi mdogo kati ya shina la valvu na kinachoisukuma) kila mara, inapungua, inapungua. Nilipofungua nikakuta valvu zimezama ndani ya hedi, unaweza kuweka ncha ya kidole juu yake kama kwenye kisahani. Tukaweka pete ngumu za siti na hadi leo inatembea. Kwa hiyo mwenye hedi ya chuma ya zamani, kabla ya kuwaza valvu kubwa awaze pete kwanza.

#14 Mai_Mahiu
Shikamoo mzee. Hiyo Minor bado inapanda Mazeras?

#15 MzeeWaMoris
Marahaba mwanangu. Inapanda, gia ya pili, madirisha wazi.

#16 KopaLeicester
Mzee amenikumbusha. Niko Leicester, nina Mini yenye injini ya ukoo huohuo wa Morris. Huku ndiko mambo ya valvu kubwa yalikochezewa sana. Cooper S ya 1275 ilitoka kiwandani na valvu ya kuingizia ya milimita 35.6 na ya ekzosti ya karibu 31, na hedi zile zilijulikana kwa kupasuka kati ya siti mbili, kwa sababu chuma kilichobaki katikati kilikuwa kidogo mno. Baadaye hedi za MG Metro zikaja na 35.6 ileile ila ekzosti ikarudishwa hadi 29.2.

@LevinNyekundu kwako ni hivi. Ukitoka 30 kwenda 31, ukuta kati ya valvu mbili za kuingizia unapungua milimita 1 nzima. Kati ya ya kuingizia na ya ekzosti unapungua 0.75. Na hedi yako imeshapata joto la kuunguza gasketi. Kabla ya lolote, ipimwe nyufa hapo katikati.

#17 FundiWaKeko
Hapo kwenye nyufa sipingi, hata mimi napima kwanza. Lakini msimtishe kijana. Hedi ya Mini ni chuma tupu na njia zake za kuingizia mbili zinalisha silinda nne, si sawa na hii ya alumini yenye pete za siti na njia yake kila silinda.

#18 Chalinze_Moja
Acheni nieleze yaliyonikuta, labda yatamsaidia. Nilikuwa na 4A-FE. Nikampelekea fundi mmoja hedi achonge. Alichonga kwa mashine ya mkono, siku mbili, poti zikatoka nzuri unajiona usoni. Tukafunga. Asubuhi ya tatu gari ikagoma, silinda ya tatu imeshika maji. Nikadhani ni gasketi. Tulipofungua, sikuona kitu. Tukaziba njia za maji, tukasukuma upepo kwa pampu ya baiskeli huku hedi iko kwenye beseni. Baada ya muda ikatoka povu moja dogo, kama jicho la sindano, kwenye sakafu ya poti, pale inapopinda kwenda kwenye valvu. Alitoboa hadi njia ya maji. Ukuta pale ulikuwa umebaki kama karatasi.

Ile kona ya ndani ndipo kila mtu hupenda kuchonga, kwa kuwa ndipo mkono unapofika. Na ndipo hewa inapohitaji mviringo mpole. Ukiisawazisha tu umeharibu mara mbili.

#19 LeziNaMashine
@Chalinze_Moja pole sana ndugu. Umesema kweli tupu. Sakafu ya poti naigusa kwa msasa tu. Chuma nakitoa darini na kwenye kigingi kinachoshika gaidi (kibomba kinachoongoza shina la valvu), ambacho kinasimama katikati ya njia kama nguzo.

#20 kijana_wa_AE101
Na kung'arisha kama kioo? Fundi wa mleta uzi kasema azing'arishe.

#21 FundiWaKeko
Ekzosti ng'arisha, masizi hayashiki. Upande wa kuingizia mimi naacha alama za msasa wa 80, mafuta yasitambae ukutani kama jasho.

#22 HesabuKwanza
Hiyo ya jasho ina maana zaidi kwa kabureta, ambako mafuta yanasafiri njia nzima. Kwenye 4A-GE nozeli, ile inayopuliza mafuta, inamwaga karibu kabisa na valvu. Kwangu mimi msasa wa 80 au kioo, hutaona tofauti barabarani. Umbo ndilo linalofanya kazi.

#23 FundiWaKeko
Mimi tofauti nimeiona. Gari ikiwa baridi asubuhi, ya kioo inakohoa.

#24 SensaTu
Mmesahau kompyuta. Kama Levin yako inasoma hewa kwa sensa ya presha ya manifoldi, haipimi hewa yenyewe. Inakisia kwa presha na mizunguko, kwa jedwali la hedi ya kiwandani. Ukibadilisha hedi, presha ileile sasa inabeba hewa nyingi zaidi na kompyuta haijui. Ukitembea polepole sensa ya oksijeni itarekebisha. Ukikanyaga mpaka chini kompyuta inaacha kuisikiliza, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, joto linapanda, na hapo ndipo ekzosti zinapoungua. Labda hata hizo mbili za mwanzo zimeungua kwa mafuta machache. Nozeli zako zimepimwa lini?

#25 LevinNyekundu
@SensaTu sijawahi kuzipima tangu ninunue. Fundi alisema zimeungua kwa sababu nafasi ya valvu ilikuwa imebana, shimu (vibati vya kurekebisha nafasi hiyo) hazikuguswa miaka mingi.

#26 Chalinze_Moja
Au pampu ya maji. Injini iliyochemka Kitonga haikuanza kuchemkia Kitonga.

#27 LeziNaMashine
Shimu zinaweza kuwa sababu. Na hapa nitie neno la tahadhari: ukikata siti, valvu inazama na shina linapanda juu, kwa hiyo nafasi inapungua. Ya kuingizia inatakiwa 0.15 hadi 0.25 injini ikiwa baridi. Juzi nimefunga hedi moja, baada ya kukata siti nikapima 0.04. Nikatafuta shimu nyembamba soko zima. Kuna watu wanasaga ncha ya shina ili wasihangaike. Mimi sifanyi hivyo. Mwulize fundi wako shimu atazipata wapi kabla hajakata.

#28 Mikumi_Usiku
Nami nina swali kwa wote mliosema mliona tofauti. Hedi iliyofunguliwa ilikuwa na valvu zinazovuja, gaidi zimelegea, sili zimekauka, masizi kila mahali. Ikarudi na siti mpya, sili mpya, plagi mpya, gasketi mpya. Mnajuaje kwamba nguvu mliyoipata ni ya poti, na siyo ile iliyokuwa imepotea kidogo kidogo mkaizoea? Mimi hedi yangu ya 7A ilisagwa valvu tu, hakuna kilichochongwa, na nilipotoka gereji niliona kama nimebadilishiwa gari. Mlima wa pale kwetu nilikuwa napanda kwa gia ya pili, nikaupanda kwa ya tatu.

#29 Mai_Mahiu
Hili ndilo jibu ninaloliamini kuliko yote yaliyosemwa hapa.

#30 FundiWaKeko
Mikumi, nakuheshimu, lakini nina hedi niliyoifunga mara mbili. Mara ya kwanza siti mpya tu. Mwaka mmoja baadaye mteja akarudi, nikachonga poti bila kugusa kingine. Akasema juu ya mizunguko 5,000 gari imekuwa nyingine. Chini hakuona kitu.

#31 HesabuKwanza
"Akasema" siyo kipimo, kaka yangu. Nipe saa: kutoka 60 hadi 100 kwa gia ya tatu, barabara ileile, pande zote mbili, hali ya hewa ileile.

#32 Banda_la_Nyuma
Kipimo cha hewa unaweza kutengeneza nyumbani, mimi nimetengeneza. Mashine ya kufyonza vumbi, ndoo ya rangi yenye kifuniko, bomba la plastiki la saizi ya silinda yako, 81, na mpira mwembamba unaoona ndani uliopinda umbo la U, nusu maji yenye wino. Hedi inakaa juu ya bomba, valvu unaishusha kwa boliti, milimita moja moja, ukisoma maji yanavyopanda. Wenye mashine za kweli wanapima kwenye inchi 28 za maji; ufyonzaji wangu haufiki, ila nalinganisha poti na poti kwa kiwango kilekile. Siku ya kwanza niligundua poti mbili za hedi moja, ambazo hazijaguswa na mtu, hazilingani. Na poti niliyoichonga kwa furaha ilipitisha hewa pungufu kuliko kabla sijaigusa, kuanzia milimita 5 kwenda juu. Nilikuwa nimekata ile kona ya ndani anayoisema Chalinze. Ilikuwa hedi ya chakavu, nikashukuru Mungu.

#33 kijana_wa_AE101
Mkuu tupe picha ya hiyo ndoo.

#34 Pwani_VTEC
Kwa wanaodhani kuchonga kwa mkono ni mambo ya vichochoroni tu: Integra Type R ya 1995, B18C ya lita 1.8, Honda walizimalizia poti za kuingizia kwa mkono kiwandani, na Japani ilitoa farasi 200 bila tabo. Ila waliambatanisha kemu, kompresheni, pistoni na springi za kazi hiyo. Ukitaka hewa na hutaki kuchonga, tafuta 4A-GE ya valvu 20. Valvu tatu za kuingizia kila silinda, milango minne ya hewa (throttle), mmoja kila silinda, 160 kwa ile ya kifuniko cha fedha na 165 kwa ile nyeusi. Kazi imeshafanywa na Yamaha.

#35 LeziNaMashine
Valvu 20 nzuri, ila atafute na nyaya zake na kompyuta yake. Hedi hii anayo tayari.

#36 Mai_Mahiu
Na jambo la mwinuko lisisahaulike. Hapa Nairobi, mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Gari linalopimwa Kigamboni likiletwa huku linapoteza zaidi ya chochote ambacho valvu ya 31 itakupa. Mbeya nako ni juu vilevile. Huko anahitaji kompresheni.

#37 HesabuKwanza
Kompresheni ndiyo nilitaka kumalizia. Silinda moja ya 4A-GE ni sentimita za ujazo 396.75. Kwa 10.3, chemba yote pamoja na gasketi na juu ya pistoni ni 42.7. Ukikwangua chemba kuzunguka valvu kubwa ukatoa sentimita 2 tu, inashuka hadi 9.9. Fundi akishachonga, ajaze kila chemba kwa bomba la sindano kupitia kipande cha plastiki angavu, ajue ametoa kiasi gani. Zikitofautiana, injini itatetemeka mataa.

#38 FundiWaKeko
Ikishuka tunakwangua uso wa hedi kidogo, inarudi.

#39 Chalinze_Moja
Ukikwangua uso, mkanda wa taimingi unalegea na kemu zinachelewa kidogo. Kila ukigusa hapa, pale panasogea.

#40 LevinNyekundu
Wakuu, asanteni, sikutegemea. Jana nimefanya jambo moja. Nimeigeuza hedi chemba juu, valvu za zamani zikiwa ndani, nikamimina mafuta ya taa kila chemba nikakaa na tochi. Chemba ya pili na ya tatu zilikauka kabla sijamaliza kikombe cha chai, na hata zile valvu ambazo macho hayakuona kasoro zilikuwa zinalowanisha poti. Kwa hiyo Mikumi_Usiku ana hoja nzito kwangu. Nimeweka na rula ya chuma juu ya uso wa hedi: kipimo cha 0.05 kinapita katikati, cha 0.10 hakipiti.

Fundi wangu nimemsomea uzi huu. Ya shimu amekubali hakuyafikiria. Ya valvu ya 31 bado anang'ang'ania. Tumekubaliana hedi iende kwanza kupimwa nyufa Jumatano, na nozeli zote nne nazitoa nizipeleke kupimwa siku hiyohiyo.

#41 Banda_la_Nyuma
Kabla hujaipeleka, ipitishe kwangu Tabata tuiweke kwenye ndoo jinsi ilivyo, bila kusafisha masizi. Tuandike namba za kila poti. Ikirudi na siti mpya tunapima tena, kisha ndipo mtu aguse poti.

#42 FundiWaKeko
Nami nakuja. Naleta valvu ya 31 niliyobaki nayo.

#43 HesabuKwanza
Lete na kaliper, tupime koo kwanza.